Tatizo la Kusimama kwa Programu na Mipaka ya Programu Kujichunguza: Ufafanuzi kwa Mifano ya Makambako na Njombe

Abiria anayetoka Mbeya kwa treni ya TAZARA kwenda Njombe hushuka Makambako, kwa kuwa reli hiyo haifiki Njombe, kisha huendelea kwa barabara. Mwenyeji anayemsubiri stesheni yumo katika hali inayolieleza vema tatizo la kusimama kwa programu. Treni ikifika, shaka yake huondoka. Isipofika, kila saa inayopita humwambia tu kwamba haijafika. Haimwambii kwamba haitafika. Hata hivyo, reli ina mwisho: kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ni kilometa 1,860, na stesheni iliyotangulia inaweza kuulizwa. Programu inayoendelea kukokotoa haina Kapiri Mposhi inayojulikana.

Swali, basi, ni kama inawezekana kuandika programu moja, iitwe Mkaguzi, inayopokea programu yoyote pamoja na data yake, na kujibu daima bila kukosea kama itasimama au haitasimama. Alan Turing alionesha mwaka 1936 kwamba maswali ya aina hii hayana kanuni ya jumla ya kuyajibu. Alonzo Church alifikia hitimisho la jamii hiyo mwaka huohuo kwa njia nyingine. (Jina lenyewe si la Turing. Martin Davis analitumia katika kitabu chake cha mwaka 1958.)

Ithibati yake ni fupi. Ichukuliwe kwamba Mkaguzi yupo. Iandikwe programu ya pili, Kaidi, inayopokea matini ya programu yoyote na kumwuliza Mkaguzi: je, programu hii ikilishwa matini yake yenyewe itasimama? Jibu likiwa ndiyo, Kaidi huingia katika mzunguko usio na kikomo. Likiwa hapana, husimama. Kisha Kaidi ilishwe matini ya Kaidi. Mkaguzi akisema itasimama, haisimami. Akisema haitasimama, inasimama. Kwa kuwa Kaidi imejengwa kwa hatua halali tupu, kinachoanguka ni dhana ya kuwapo kwa Mkaguzi.

Ithibati hii husomwa vibaya mara nyingi, kana kwamba inazuia programu kujichunguza. Haizuii. Stephen Kleene alithibitisha mwaka 1938 kwamba programu inaweza kuipata na kuitumia matini yake yenyewe. Kinachokataliwa ni kupata kwa pamoja mambo matatu: kukagua programu zote, kujibu kila mara, na kutokosea kamwe.

Pingamizi la kawaida ni kwamba kompyuta halisi ina kumbukumbu yenye kikomo, hivyo hali zake zote zinaweza kuhesabiwa. Kinadharia ni kweli. Lakini kilobaiti moja tu ina biti 8,192, na idadi ya hali zake ni namba yenye tarakimu 2,467. Pingamizi hilo halimfai mtu yeyote mwenye kazi ya kufanya.

Uzito wa jambo hili huonekana katika mikataba. Chukuliwe mfano wa chama cha wakulima wa viazi mkoani Njombe kinachonunua programu ya malipo. Programu ikinasa katikati, baadhi ya wanachama watakuwa wamelipwa na wengine bado, wala orodha haitaonesha mpaka uko wapi. Chama kikidai mfumo utakaothibitisha usimamaji wa programu yoyote itakayoongezwa baadaye, kinadai kisichowezekana, na muuzaji anayekubali ama hajui ama anadanganya. Kuweka kikomo cha muda si uthibitisho pia: programu iliyokatizwa baada ya dakika 10 huenda ilibakiza sekunde 1.

Kinachoweza kudaiwa ni kidogo zaidi. Kila mzunguko uwe na kiasi kinachopungua, mathalani idadi ya wanachama wasiolipwa, ambayo hushuka kwa mmoja kila mara na haiwezi kwenda chini ya sifuri. Sharti hilo hukaguliwa kabla ya malipo ya kwanza. Programu isiyolitimiza hukataliwa, zikiwemo baadhi ambazo zingesimama.