Elimu ya Pango: Sadaka Inayomfaa Mpangaji na Mwenye Nyumba

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika mitaa yetu ya Kariakoo, Gerezani na Ilala ni nyumba chache zisizo na mpangaji. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, hukaliwa na familia kadhaa. Ghorofa iliyosimama pembeni yake ina fremu za maduka chini, stoo katikati na vyumba vya kuishi juu. Mwenye duka amepanga, kijana anayemsaidia amepanga, na si ajabu imamu anayewasalisha wote wawili naye amepanga. Hata hivyo wengi miongoni mwetu tumeingia katika vyumba hivyo kwa neno la mdomo, tukakabidhi fedha mkononi mwa dalali, na tukaondoka na ufunguo peke yake.

Makala hii inakusudia kueleza kwa nini elimu ya haki na wajibu katika pango inastahiki kutengewa fungu la fedha la jamii, fungu hilo linaweza kutoka wapi, na kwa nini misikiti ndiyo inayopasa kutangulia.

Shauri la mjane katika eda

Kamati yetu iliwahi kuletewa shauri la dada mmoja aliyefiwa na mume. Marehemu alikuwa amelipa kodi ya miezi sita ya chumba kimoja, shilingi 100,000 kwa mwezi. Miezi minne aliilipa kwa simu, na miwili kwa fedha taslimu bila ya risiti. Mwezi wa kwanza ulipomalizika, Allah akamchukua. Wiki ya tatu ya eda, msimamizi wa nyumba akabisha hodi na kumwambia mjane kwamba mkataba ulikuwa baina yake na marehemu, kwa hiyo umekufa pamoja naye, na chumba kimekwisha kupatiwa mtu mwingine.

Tukaketi pamoja na mjumbe wa mtaa, wazee wawili na msimamizi huyo. Katika simu ya marehemu zikaonekana jumbe za miamala ya miezi minne, na msimamizi akazikubali. Miezi miwili ya taslimu aliikana, na hapakuwa na karatasi wala shahidi. Hivyo mjane akabakiwa na miezi mitatu ya kukaa, ilhali eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi, na sheria yetu inamtaka aikamilishe katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe. Waumini wakachanga shilingi 200,000 kulipia miezi miwili iliyopungua.

Tuitazame hesabu hiyo vizuri. Lau miezi sita yote ingethibitika, mjane angebakiwa na miezi mitano, nayo inatosha eda na siku za kutafuta makazi mengine. Fedha zilizochangwa na waumini zilikuwa za kulipa kodi ambayo, kwa kauli ya familia, ilikwisha kulipwa. Kitabu cha risiti chenye kurasa mia moja hakifiki hata sehemu ndogo ya fedha hizo.

Fiqhi ya ijara

Wanazuoni wetu waliujadili upangishaji chini ya mlango wa ijara, yaani kuuza manfaa ya kitu kwa muda unaojulikana na kwa malipo yanayojulikana. Katika Surat al-Qasas, aya ya 27 na 28, tunasimuliwa makubaliano ya Nabii Musa (A.S.) na mzee wa Madyan. Kazi ilitajwa, muda wa miaka minane ulitajwa, miaka miwili ya ziada iliachwa kwa hiari ya Musa, na Allah akafanywa shahidi. Hakuna lililoachwa lielee. Nayo aya ya 282 ya Surat al-Baqara imeelekeza deni la muda maalumu liandikwe na kushuhudiwa, liwe dogo au kubwa. Anayelipa kodi ya miezi sita mbele anamdai mwenye nyumba miezi sita ya makazi, na deni hilo lafaa kuandikwa.

Ama kuhusu kifo, madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, pamoja na Maliki na Hanbali, yanasema ijara haivunjiki kwa kufa kwa mmoja wa wahusika. Warithi huchukua nafasi ya marehemu mpaka muda umalizike. Mahanafi wao wanaona kwamba mkataba huvunjika. Vilevile kwa Mashafi, nyumba iliyopangishwa ikiuzwa kwa mtu mwingine, mpangaji hukaa mpaka mwisho wa muda wake, na mnunuzi huipokea nyumba pamoja na pango lililomo. Suala hili lina uzito mkubwa Kariakoo, ambako warithi huuza nyumba za wazee wao na mnunuzi hutaka kubomoa mara moja ili ajenge ghorofa.

Sheria ya nchi

Tanzania ilikuwa na sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiwango cha kodi na namna ya kukipandisha hutegemea maelewano ya pande mbili. Maana yake ni kwamba mkataba umekuwa ndio ngao ya mpangaji, naye asiye na mkataba uliothibitika husimama uwanjani bila ya ngao.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Namba 4, ndiyo inayosimamia pango. Kwa mujibu wake, hata anayekaa na kulipa bila ya maandishi huhesabiwa kuwa mpangaji wa vipindi, na kumtoa kunahitaji notisi isiyopungua kipindi ambacho kodi yake hulipwa. Anayelipa kwa mwezi anastahiki notisi ya mwezi. Mwenye nyumba anawajibika kumwacha mpangaji akae kwa utulivu maadamu analipa na kutimiza masharti. Anapopangisha sehemu tu ya jengo, anawajibika kutunza paa, kuta kuu, mifereji na njia za pamoja. Nyumba ikiharibiwa na moto au mafuriko bila ya uzembe wa mpangaji hata isifae kukaliwa, kodi husimama. Fiqhi nayo ina msingi huohuo: manfaa yakiondoka, ujira huondoka.

Mpangaji naye ana wajibu wake. Hulipa kwa wakati. Hutunza chumba na kukirejesha kama alivyokipokea, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Humruhusu mwenye nyumba kukagua kwa saa zinazofaa. Hampangishi mtu mwingine, wala hatoboi au kubomoa ukuta, bila ya idhini. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka hapa Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Msiba ule umetukumbusha sote kwamba usalama wa kuta si jambo la kuachiwa bahati, na kwamba mpangaji ana haki ya kuuliza, kama vile mwenye nyumba anavyowajibika kujibu.

Mgogoro ukizuka, njia inajulikana. Kuezua bati, kung'oa mlango au kukata umeme ili mtu ahame si njia ya sheria. Shauri huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa ndani ya siku 30, mlalamikaji huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kuanzia mwaka huohuo wa 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama na mabaraza, hivyo hakuna haja ya kuogopa kusimama na kujieleza.

Ruzuku zilizopo na pengo lililobaki

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, watu wa mitaani kwetu waliopewa mafunzo ya kuelekeza wananchi bila ya malipo. Shirika la Legal Services Facility, maarufu kwa herufi LSF, limekuwa kwa zaidi ya muongo mmoja likitoa ruzuku kwa mashirika ya wasaidizi hao nchini. Dar es Salaam tunavyo pia Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Mwaka 2023 Serikali ilizindua Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia. Juhudi zote hizi ni za kupongezwa.

Lakini fedha za elimu ya sheria zinapogawanywa, mirathi, ndoa, ukatili na migogoro ya mashamba ndiyo huwa mbele, na ni haki yake. Pango la chumba kimoja cha uani huonekana jambo dogo. Kwa mfanyabiashara mdogo wa Kariakoo halikuwa dogo hata siku moja. Chumba cha shilingi 100,000 kikitakiwa malipo ya miezi sita, pamoja na mwezi mmoja wa dalali kama ilivyo desturi, ni shilingi 700,000 kwa mkupuo. Fremu ya duka ina mzigo zaidi, kwani pamoja na kodi huwepo kilemba, fedha nyingi ambayo mara kwa mara haina stakabadhi. Mtu anayeweka mtaji wake wote katika makubaliano yasiyoandikwa anaishi katika gharar, ile hatari ya kutojua ambayo Uislamu umetukataza kuijengea biashara.

Wenzetu katika jimbo la New South Wales, Australia, wameamua kwamba sekta ya nyumba igharamie elimu yake yenyewe. Huduma za ushauri kwa wapangaji hulipiwa kutokana na riba inayopatikana katika fedha za dhamana walizoweka wapangaji wenyewe. Chanzo hicho cha riba sisi hatukichukui. Fikra ya kwamba nyumba igharamie elimu ya nyumba yafaa kuzingatiwa, na sisi tunacho chanzo cha halali.

Misikiti nayo ina wapangaji

Misikiti kadhaa ya katikati ya jiji ina nyumba na maduka ya wakfu. Kodi ya fremu hizo hulipa umeme, maji, mishahara ya walimu wa madrasa na matengenezo. Hivyo kamati za misikiti, kabla ya kuwa wasuluhishi wa wapangaji, ni wenye nyumba. Tunapendekeza kila kamati yenye jengo la wakfu itenge sehemu ndogo ya mapato kwa elimu ya pango, pale ambapo sharti la aliyeweka wakfu linaruhusu, kwani sharti lake hufuatwa. Pale lisiporuhusu, zipo sadaka za kawaida. Zaka isiguswe kwa kazi hii. Wanaoistahiki wametajwa katika aya ya 60 ya Surat at-Tawba, na mpangaji aliyezama katika deni la kodi anaweza kuwa miongoni mwao kwa nafsi yake.

Fungu hilo halihitaji kuwa kubwa. Litachapisha fomu ya mkataba wa pango ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, pamoja na vitabu vya risiti. Litalipa nauli ya msaidizi wa kisheria aje mara moja kwa mwezi, baina ya Alasiri na Magharibi, na darsa la akina mama lipangiwe siku yake. Wenye nyumba na madalali waalikwe pia, maana mkutano wa wapangaji peke yao huzaa manung'uniko, ilhali wakikutana wote huweza kuzaa mikataba. Kamati itakayoomba ruzuku kwa mashirika tuliyoyataja itakuwa na hoja yenye nguvu ikiwa tayari imeanza na kidogo ilichonacho.

Kabla ya yote hayo, kamati ianze kwa wapangaji wake yenyewe. Kila fremu ya wakfu iwe na mkataba ulioandikwa, kila shilingi ipate risiti, na notisi itolewe kwa maandishi. Mimbari itakayosema hayo bila ya kuyatenda haitasikilizwa.

Ya kufanya nyumbani

Wakati tukisubiri darsa, kila familia inaweza kuanza. Lipa kwa simu pale inapowezekana, na usifute ujumbe wa muamala. Ukilipa taslimu, andika tarehe, kiasi na miezi inayolipiwa, na mpokeaji atie saini mbele ya shahidi. Mkataba utaje anayelipia LUKU, maji na taka, maana mita moja ya pamoja imegombanisha majirani wengi. Weka nakala kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Na wewe mume, mwonyeshe mkeo zilipo karatasi hizo, na umwambie kodi imelipwa mpaka lini. Hakuna kati yetu anayejua ni mwezi upi wa pango ambao Mola wake atamwita.

Tunamuomba Allah azijaalie nyumba zetu, za kumiliki na za kupanga, ziwe makazi ya utulivu, na atuwafikishe kutimiza ahadi zetu. Wabillahi tawfiq.