Vitamini D na mafuta ya mwili: kipi kinakivuta kipi?



Mwezi uliopita binti wa kaka yangu, miaka 21, anasoma hapa Uingereza, alinipigia simu. "Shikamoo ami. Eti kweli vidonge vya vitamini D vinaondoa mafuta ya tumbo?" Nikamuuliza, umeshaanza kumeza? Kimya. Kumbe wiki ya sita ile anameza vya yuniti 50,000, vile ambavyo daktari huandika kimoja kwa wiki. Yeye kila siku kimoja. Anasikia kiu sana, anakwenda msalani usiku, choo kigumu, na akidhani ndiyo dawa inafanya kazi! Nikamwambia aache leo hii na kesho asubuhi aende akapimwe kalsiamu.

Lakini swali lake si la kijinga. Lina chanzo chake. Mwaka 2009 Kremer wa chuo kikuu cha McGill, Kanada, na wenzake wa Los Angeles walitoa utafiti wa wasichana 90 wa California, umri baina ya miaka 16 na 22. Pamoja na jua lote la kule, asilimia 59 walikuwa na vitamini D pungufu, yaani chini ya nanogramu 30 kwa mililita ya damu, na asilimia 24 ya wote hawakuvuka hata 20. Wenye vitamini kidogo ndio waliokutwa na mafuta mengi, ya chini ya ngozi na yale yanayozunguka matumbo. Uzito wa mifupa, ambao kila mtu angeutazamia uhusike, haukuonyesha uhusiano wowote.

Sasa mtu akiishia hapo atasema: basi jaza vitamini, mafuta yatoke. Hapo ndipo tunapoteleza. Inawezekana kabisa mambo ni kinyume, mafuta ndiyo yanayoshusha vitamini. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwaweka wanene na wembamba chini ya taa zenye mionzi kama ya jua. Uwezo wa ngozi ulikuwa sawasawa, lakini vitamini iliyofika kwenye damu ya wanene iliongezeka kwa kiasi pungufu kwa asilimia 57 hivi. Vitamini D huyeyuka kwenye mafuta, na mwili mkubwa huitandaza. Kijiko kimoja cha sukari ukikitia kwenye kikombe utasikia utamu. Kitie kwenye birika la msiba uone.

Halafu 2013 ukaja utafiti wa urithi wa watu kama 42,000. Waliorithi tabia ya kunenepa walikuwa na vitamini D ndogo, ila waliorithi vitamini D ndogo hawakuonekana kunenepa kwa sababu hiyo. Na katika jaribio kubwa la Marekani liitwalo VITAL, waliopewa yuniti 2,000 kila siku, wale waliopimwa mafuta ya mwili hawakupungua kuliko waliopewa vidonge vitupu. Hao walikuwa watu wazima wa miaka 50 kwenda juu, nakubali, si wasichana.

Hii haina maana tuidharau vitamini yenyewe. Sisi ngozi zetu nyeusi zinataka jua zaidi, na mabinti zetu wamejisitiri. Anayeishi Maskati anatoka kwenye kiyoyozi cha nyumba anaingia kwenye kiyoyozi cha gari. Hapa Uingereza, kuanzia Oktoba mpaka mwanzo wa Machi, jua hata likionekana halina nguvu ya kutengeneza kitu. Ushauri wa serikali ni mikrogramu 10, yaani yuniti 400 kwa siku, na kwa wenye ngozi nyeusi au wanaojifunika, wafikirie kumeza mwaka mzima. Linganisheni 400 hizo na 50,000.

Kuna na hili, niliseme tu. Zamani kwetu mtu akirudi safari akaambiwa "umenenepa" alifurahi. Mtoto huyu aliambiwa hivyo hivyo harusini, mbele za watu, na shangazi zake, akaenda kununua vidonge kwenye intaneti.

Majibu yake yametoka. Kalsiamu imepanda, daktari kamwambia anywe maji mengi, arudi kupimwa tena. Uzito, kaniambia mwenyewe bila ya kuulizwa, haukushuka hata ratili moja.