Kanisa Dogo la Ars na Kuta Zake za Kale

Wengi wenu mmekwisha kusikia habari za Mtakatifu Yohane Maria Vianney, padre wa Ars, msimamizi wa maparoko. Mwezi huu twapenda kuwasimulia habari za kanisa lake: jinsi alivyolikuta, jinsi alivyolitengeneza, na shauri walilolifuata watu lilipokuwa halitoshi tena.

Ars ni kijiji cha wakulima katika nchi ya Ufaransa, kadiri ya kilometa 35 kaskazini ya mji wa Lyon. Kanisa lake, lililowekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Sixto, lilijengwa katika karne ya 12. Lilikuwa jengo dogo, kama ilivyowafaa watu wachache wa shamba. Humo walibatizwa, humo walifunga ndoa, humo waliombewa walipokufa, vizazi kwa vizazi. Kisha yakaja Mapinduzi makuu ya mwaka 1789. Makanisa yakafungwa, mapadre wengi wakafukuzwa au wakauawa, na mnara wa kengele wa Ars ukabomolewa. Amani iliporudi, kengele ilitundikwa juu ya miti tu.

Hivyo ndivyo Padre Vianney alivyolikuta kanisa hilo mwezi wa Februari 1818. Watu wa kijiji walikuwa kama 230, na wengi wao walikuwa wamepoa katika dini. Mjenzi mwingine angaliita mafundi kwanza. Yeye alianza kwa kupiga magoti: kabla ya mapambazuko alikuwa mbele ya tabernakulo, akiwaombea watu wake. Ndipo akaanza kutengeneza. Alinunua altare mpya kwa fedha zake mwenyewe, maana alisema kwa matendo kwamba padre aweza kula viazi vilivyopoa, bali nyumba ya Mungu haifai kuwa nyonge. Akajenga mnara wa matofali mahali pa ile miti. Kisha akatoboa kuta za ubavuni, akaongeza vikanisa vidogo kimoja kimoja: cha Bikira Maria katika mwaka 1820, cha Mtakatifu Yohane Mbatizaji katika mwaka 1823, na vingine baadaye. Katika kile cha Mbatizaji aliandikisha maneno ya kuwakumbusha watu kwamba kichwa cha Mtakatifu huyo kilikuwa bei ya ngoma. Wapenda ngoma wa Ars walilisoma neno hilo kila Dominika, nao walijua wanaambiwa nani!

Basi habari zake zikaenea. Watu walimiminika kutoka pande zote wapate kuungama kwake. Wanawake aliwaungamisha katika kikanisa cha Mbatizaji, wanaume katika sakristia, na siku nyingine alikaa humo hata saa 16. Kanisa la watu 230 likawa linapokea makumi ya maelfu kila mwaka.

Alipofariki tarehe 4 Agosti 1859, watu hawakukoma kuja. Ilikuwa lazima kujenga kanisa kubwa. Je, la kale livunjwe? Kwa fundi kazi ingalikuwa nyepesi: kusafisha kiwanja na kuanza upya. Lakini kuta zile zilikuwa zimesikia toba ya wakosefu wengi mno. Mwaka 1862 likaanza jengo jipya, kwa ramani ya Pierre Bossan, yule aliyechora pia kanisa la Fourvière katika Lyon. Sehemu ya altare ya kanisa la kale ilivunjwa, na jengo jipya lenye kuba likaunganishwa papo hapo. Bali ukumbi wa kale, mnara na vikanisa vikaachwa. Hata leo msafiri huingia kwa mlango wa kale, hupita chini ya mnara wa matofali, huona mimbari na kitubio cha Mtakatifu, ndipo hutokea penye nafasi kubwa ambapo mwili wake umewekwa.

Nafasi ilipopungua tena, karibu na mwaka 1960, walichimba wakajenga kanisa kubwa chini ya ardhi. Hivyo atazamaye kutoka nje huuona bado ule mnara mnyenyekevu.

Ndugu zetu, twajua vigango ambako kanisa la kwanza lilikuwa la miti na udongo, nalo wazee wenu waliezeka nyasi kwa mikono yao. Siku mjengapo la mawe, furahini. Lakini msilionee haya lile la kwanza. Mkiweza, hifadhini hata mlango wake, au altare yake, au msalaba wake, ili watoto wawaulize maana yake. Nanyi mtawajibu kwamba hapo ndipo babu zao walipojifunza kupiga magoti.