Artur Ekert: Mwanafizikia aliyegeuza ubishi wa Einstein kuwa ufunguo wa siri

Anayefungua akaunti yake ya benki kwa intaneti, au anayemwandikia jamaa yake aliye ng'ambo kwa WhatsApp, hulindwa na hesabu ngumu. Ulinzi huo umejengwa juu ya imani moja: kwamba hakuna mashine inayoweza kuifumbua hesabu hiyo kwa wakati wa kumfaa mwizi. Imani hiyo imeanza kutikisika, na miongoni mwa wanasayansi waliotafuta ulinzi wa aina nyingine ni Artur Ekert, profesa wa fizikia ya kwantamu katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza.

Ekert alizaliwa mwaka 1961 mjini Wrocław, Poland, akasoma Kraków kabla ya kwenda Oxford kwa shahada ya uzamivu. Huko ndiko lilikozaliwa wazo lililompa jina, na asili yake ni makala iliyokuwa imeandikwa zaidi ya nusu karne kabla.

Mwaka 1935 Albert Einstein na wenzake wawili, Boris Podolsky na Nathan Rosen, walidai kwamba nadharia ya kwantamu haijakamilika. Hoja yao ilianzia kwenye swali la kifalsafa: ni lini tunaweza kusema kuwa kitu kina sifa fulani kwa hakika? Jibu lao lilikuwa kwamba, iwapo unaweza kuijua sifa ya kitu bila kukigusa wala kukisumbua, basi sifa hiyo ipo kweli. Wengi waliisoma sentensi hiyo kama mjadala wa wanafalsafa. Ekert aliiona kwa jicho jingine. Kujua jambo bila kulisumbua, alitambua, ndiyo kazi hasa ya mdukizi, yaani mtu anayesikiliza kwa siri mazungumzo yasiyomhusu.

Kufikia wakati huo ubishi wa Einstein ulikuwa umekwisha kupimwa. Mwaka 1964 John Bell alionyesha kuwa, kama sifa za chembe zimekwisha kupangwa kabla ya kupimwa, na chembe moja haiathiriwi papo hapo na kipimo cha mwenzake aliye mbali, basi uhusiano wa majibu yao una mpaka. Katika aina moja inayotumiwa sana ya kipimo hicho, mpaka ni 2. Nadharia ya kwantamu inaruhusu hadi takribani 2.83. Majaribio, yakiwamo yale mashuhuri ya Alain Aspect nchini Ufaransa mwaka 1982, yalivuka mpaka wa Bell.

Katika makala yake ya mwaka 1991, Ekert aliifanya tarakimu hiyo kuwa mlinzi. Watu wawili wanaotaka kuandikiana kwa siri wanahitaji ufunguo mmoja, yaani mfululizo wa sifuri na moja usiotabirika. Ugumu umekuwa daima katika kuufikisha ufunguo huo bila kuibwa njiani. Ekert alipendekeza kila mmoja apokee chembe moja kutoka katika jozi zilizofungamana kikwantamu, kisha achague kwa bahati nasibu namna ya kuipima. Baadaye wanalinganisha hadharani sehemu ya majibu yao. Tarakimu ikikaribia 2.83, majibu yaliyosalia yanafaa kuwa ufunguo. Ikishuka hadi 2, huenda kuna aliyetia mkono, na kila kitu hutupwa.

Hakuwa wa kwanza kutumia kwantamu kulinda siri, kwani Charles Bennett na Gilles Brassard walikwisha kutoa njia yao mwaka 1984. Lakini njia ya Ekert ilibeba jambo zito zaidi kuliko lilivyoonekana mwanzoni: kipimo cha Bell hakijali ni nani aliyetengeneza vifaa. Kwa nchi zinazonunua mitambo ya mawasiliano kutoka kwa wengine, na hizo ndizo nchi nyingi duniani, hilo si jambo dogo. Ilichukua miongo mitatu kulithibitisha maabarani. Mwaka 2022 watafiti wa Oxford, wakitumia atomi mbili zilizonaswa umbali wa mita chache tu, walipata ufunguo wa zaidi ya biti 95,000 baada ya takriban saa nane.

Umbali huo mfupi unaeleza kwa nini si kila mtu ameshawishika. Idara za usalama wa mtandao za Uingereza na Marekani hazipendekezi funguo za kwantamu kwa mawasiliano nyeti ya serikali. Zinapendelea hesabu mpya ambazo kompyuta za kwantamu hazitarajiwi kuzifumbua. Marekani ilitoa viwango vya kwanza vya hesabu hizo Agosti 2024.

Mchango wa Ekert kama mwalimu hauonekani kwa urahisi, ila huenda haukuwa mdogo kuliko ule wa 1991. Mwaka 1994 Peter Shor alibuni njia ambayo kwayo kompyuta ya kwantamu ingeweza kuvunja ulinzi unaotumika mtandaoni. Mwaka huohuo, katika mkutano wa wanafizikia wa atomi mjini Boulder, Marekani, Ekert aliwaeleza wasikilizaji wasiokuwa wataalamu wa kompyuta maana ya ugunduzi huo na kuwauliza ni kifaa gani kingefaa. Miongoni mwao walikuwa Ignacio Cirac na Peter Zoller, ambao mwaka uliofuata walichapisha mpango wa kujenga kompyuta hiyo kwa ioni zilizonaswa.

Kuanzia 2007 hadi 2020 aliongoza Kituo cha Teknolojia za Kwantamu cha Singapore, akiwa mkurugenzi wake wa kwanza. Mihadhara yake ya utangulizi wa sayansi ya taarifa za kwantamu iko YouTube, na kitabu kinachoambatana nayo kinasomwa bure mtandaoni. Kinamtaka msomaji awe na aljebra ya matriki na namba changamano. Fizikia ya kwantamu kinamfundisha chenyewe.