Gobore la Kulinda Nyumba

Mzee mmoja wa hapa Mpuguso alitungoja baada ya kisomo, wenzake walipokwisha ondoka. Usiku wa mvua wezi walivunja banda lake wakachukua ng'ombe wa maziwa. Sasa kuna mtu anamletea gobore, eti kwa bei ya chini. "Mwalimu," akatuuliza, "ninunue hilo, au niweke akiba ninunue bunduki ya dukani?" Tulimwahidi kumjibu gazetini, maana wanaouliza hivyo ni wengi.

Hebu kwanza tulitazame gobore lenyewe. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia kwa mdeki, unatia vipande vya chuma, unaweka fataki, ndipo unafyatua. Hulia mara moja tu. Ukikosa, unaanza tena kushindilia gizani, na mwizi yuko mbele yako! Magobore mengi hutengenezwa kienyeji, mtutu ni bomba tu, na baruti ikizidi bomba hupasuka usoni mwa mpigaji. Halafu kuna mvua yetu hii ya Rungwe, ambayo sehemu nyingi hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Baruti hunyonya unyevu. Mwezi wa Aprili huenda isiwake kabisa. Na anayeikausha juu ya jiko, jamani, huyo hahitaji mwizi wa kumwunguzia nyumba.

Tena kuna sheria. Kwa Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya mwaka 2015, gobore ni silaha kama silaha nyingine. Kesi zake huunganishwa na uhujumu uchumi, na wako watu waliofungwa miaka 20 kwa gobore moja. Mwaka 2022 Serikali iliwapa watu nafasi, tangu 1 Septemba hadi 31 Oktoba, wasalimishe silaha kama hizo bila kushtakiwa. Anayemwuzia mzee wetu leo anamwuzia kifungo.

Bunduki ya dukani ina njia yake. Ombi huanzia serikali ya kijiji, hupita kata, kisha wilaya na polisi, nao huuliza tabia ya mwombaji na sababu yake. Si kazi ya juma moja. Akipewa leseni, achague ipi? Bastola ni ndogo, huibwa upesi, na asiyefundishwa hukosa hata aliye mlangoni. Risasi ya raifo huenda mbali mno kwa nyumba zetu zilizokaribiana migombani. Inaweza kumwua jirani aliyelala. Bunduki ya marisau haifiki mbali hivyo, kwa hiyo kati ya hizo tatu ndiyo yenye nafuu. Lakini nayo, kwa karibu, hupenya ukuta wa udongo na mianzi, na nyuma ya ukuta huo wamelala watoto.

Bunduki yo yote lazima ifungiwe, risasi mbali nayo. Basi usiku wa wezi utakuwa unatafuta funguo. Ukiiweka chini ya mto, mtoto ataiona kabla ya mwizi.

Tukumbuke pia Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18B. Unaruhusiwa kujilinda na kulinda mali yako kwa nguvu za kiasi kinachohitajika tu. Ukimpiga mgongoni mwizi anayekimbia, mshtakiwa ni wewe.

Zamani wazee wa Kinyakyusa walilala nyumba moja na ng'ombe wao. Siku hizi tumeyapeleka mabanda nyuma ya migomba kwa sababu ya harufu, na mwizi anafurahi. Tulimshauri mzee alirudishe banda karibu na dirisha lake, amfunge ng'ombe njuga, afuge mbwa. Wenzetu wa Shinyanga na Tabora, walipoanza sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikuwa na pinde na mishale, si bunduki, na yowe likipigwa kila mwanamume alitoka.

Mzee alitikisa kichwa. "Mvua ikinyesha hivi, nani ataamka?" Swali la haki. Tumekwisha zungumza na majirani zake wanne, wamekubali kupeana zamu mpaka masika yaishe. Filimbi tumezikuta Tukuyu.