Tumguse Baada ya Muda Gani?

"Daktari, mtu akipigwa na radi, tusubiri muda gani ndipo tumguse?" Juma lililopita nimeulizwa tena, sokoni Kwa Sadala, na mzee wa heshima zake kutoka Masama. Nilimjibu kwa ukali ambao umri wake haukustahili. Leo namjibu kwa adabu: msisubiri hata kidogo.

Mwili si betri, mzee wangu. Umeme wa radi hupita kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho na kuishia ardhini. Haubaki mwilini ukamngoja wa kumrusha. Kinachobaki ni moyo uliosimama. Mara nyingi moyo huo huanza kupiga tena wenyewe, lakini sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi bado imezimia, basi moyo unasimama mara ya pili kwa kukosa hewa. Katikati hapo ndipo ninyi mmejipanga kwenye migomba mnabishana nani aanze kumshika! Na wapo wanaoshauri afukiwe hadi shingoni, udongo unyonye umeme. Unyonye upi? Mnamlundikia udongo kifuani mtu aliyeishiwa pumzi. Ile michoro ya ngozini kama matawi ya mti nayo si saini ya mchawi. Hufutika yenyewe, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili.

Ya kufanya, haraka: wakianguka wengi, anza na aliyelala kama maiti, maana anayelia anapumua. Asiyepumua mkandamize katikati ya kifua mara 30, mpulizie mdomoni mara 2, rudia bila kuchoka huku gari likitafutwa. Miguu iliyopooza na kuwa baridi mara nyingi hurudi baada ya saa chache. Ngurumo ikisikika, toka chini ya mgrevilea, shuka kwenye bodaboda, ingia kwenye gari la bati au jengo imara, ukae dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kusubiri ni huko tu.

Wengi hupona. Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi 6 wa shule moja mkoani Geita. Waliojeruhiwa walizidi 20, na hao hakuna anayeniuliza habari zao. Aliyepona aweza kubaki na usahaulifu, hasira, usingizi wa mang'amung'amu, ganzi, ngoma ya sikio iliyopasuka, hata mtoto wa jicho miezi kadhaa baadaye. Picha ya kichwa inatoka safi, nyumbani wanasema anajifanya.

Mgonjwa wangu mmoja, mkulima wa kahawa, hushika mkasi wa kupogolea akasahau alikuwa mche upi. Hilo amelizoea. Kinachomuuma ni kwenye mbege: kata inazunguka, ikimkaribia inarukwa. Mwaka wa tatu huu, wanasubiri umeme umtoke.