Malisho Ndani ya Tangi la Kioo

Mtazame uduvi mwekundu akitua juu ya jani. Hatulii. Jozi mbili za miguu yake ya mbele, zenye vinywele kama brashi nchani, hukwangua na kupeleka mdomoni, hukwangua na kupeleka mdomoni, tangu asubuhi hadi taa izimwe. Jani lenyewe halili. Anakula utando wa bakteria na mwani unaoota juu ya chochote kilichokaa majini wiki kadhaa.

Uduvi huyu, Neocaridina davidi kwa jina la kitaalamu, asili yake ni Asia Mashariki, na urefu wake ni kama sentimita 3. Ni wa ukoo mmoja na ochonga, uduvi wanaonaswa pamoja na dagaa Ziwa Victoria. Anayetaka kumfuga kwenye tangi dogo, tuseme la lita 20, achague mimea kwa jicho la mfugaji anayekagua malisho: utando utapata pa kushika? Mmea utadumu bila kuoza? Urembo uje baadaye.

Kuoza ndilo jambo zito. Kinyesi, mabaki ya chakula na majani yaliyokufa hutoa amonia, sumu kali kwa uduvi. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, kisha nitrati yenye madhara madogo zaidi. Mmea ulio hai hufyonza amonia kama mbolea, unaokufa huiongeza. Ndiyo maana ile mimea myekundu inayodai taa kali na kupulizwa gesi ya kaboni dioksidi namwachia fundi mzoefu.

Anayeanza namshauri anubiasi. Ni mmea wa Afrika, huota kandokando ya vijito vya misituni huko Nigeria na Kameruni, na kwa kupenda kwake kivuli ulipewa jina la Anubis, mungu wa wafu wa Misri ya kale. Taa ya kawaida kwa saa 6 hadi 8 kwa siku inautosha. Shina lake hulala kama kipande cha tangawizi, na hapo ndipo wengi hukosea: hulifukia kwenye changarawe, likaoza. Lifunge juu ya jiwe kwa uzi, mizizi italishika jiwe yenyewe. Kangaga la Java hufungwa vivyo hivyo. Mosi wa Java, ulio kama manyoya ya kijani, hauna mizizi ya kweli. Humo ndimo vitoto vya uduvi, vyenye milimita 2 hivi, hujificha.

Somo la mmea wa dukani nililipata kwa hasara. Nilinunua shada moja zuri nikalitumbukiza papo hapo. Kesho yake asubuhi uduvi 11 walikuwa wamelala ubavu. Mimea mingi ya biashara hukuzwa kwa dawa ya wadudu, na uduvi na mdudu miili yao haiko mbali hivyo. Sasa huuloweka mmea mpya kwenye ndoo wiki 2, nikibadilisha maji mara kwa mara. Mrututu usiuguse kabisa unapousafisha mmea: una shaba, nayo huua uduvi hata ikiwa kidogo.

Upo pia mmea wa bure, Ceratophyllum demersum, wenye majani kama mkia wa paka, unaoelea bila mizizi na kukua upesi. Ziwa Victoria umejaa. Ila konokono wa kichocho wanaupenda pia. Nchini Senegali watafiti waliung'oa kwenye maeneo ya kuchotea maji, na maambukizi ya kichocho cha tumbo yakapungua kwa watoto wa shule; matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023.

Ukiuchukua ziwani, basi, usiingie majini peku wala kuushika kwa mikono mitupu. Uvutie kwa kijiti, vaa glovu za mpira, usuuze na kutoa kila konokono, kisha uache ndooni siku 3 kwenye maji safi, kwa kuwa viluwiluwi vya kichocho haviishi nje ya konokono zaidi ya siku 2 hivi. Mayai ya konokono yaliyobaki yasikutishe: anayeanguliwa tangini hana kimelea, maana hukipata kwenye maji yaliyoingia mkojo au kinyesi cha mgonjwa. Maji ya ndoo yamwage juu ya udongo mkavu, mbali na mtaro.